Lile Debe Juu ya Nguzo Ndilo Linaamua Nani Ana Stima

Kuna swali ambalo watu wa huku Tseikuru huuliza kila stima ikitajwa: kama waya umepita juu ya shamba letu, mbona sisi tuko giza? Wengine husema ni siasa. Wengine husema ni mkosi wa kuzaliwa upande huu wa kaunti. Siasa ipo, sikatai. Lakini jibu la kwanza liko ndani ya lile debe la chuma lililopachikwa juu ya nguzo pale sokoni. Transfoma. Leo tulifungue, kwa maneno tu, tuone kuna nini ndani na limetoka wapi. Nikisoma historia ya stima Kenya, mabwawa ndiyo husifiwa na nyaya ndizo hupigwa picha, lakini mimi naiona ni historia ya nani aliwekewa transfoma na nani akarukwa.

Tuanze na mto. Tana inapita kaskazini yetu ikielekea Kora na Garissa, na maji hayo kabla hayajatufikia yameshafanya kazi mara tano. Kindaruma ilitangulia mwaka wa 1968. Kamburu ikafuata 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, halafu Kiambere 1988, ambayo ziwa lake linapakana na Kaunti yetu ya Kitui. Mabwawa matano, mto mmoja. Kwa hiyo watu wa Mwingi wamekuwa majirani wa stima tangu kabla wazazi wa wengi wetu waoane. Ujirani tu, lakini. Stima yenyewe ilipanda milingoti ikaenda Nairobi.

Kwa nini haikuweza kushuka njiani? Mashine ya bwawani ikizunguka hutoa umeme wa volti elfu kadhaa. Ukiutuma hivyo hivyo safari ndefu, mwingi utageuka joto kwenye waya na kupotea. Kinachokula umeme njiani ni mkondo, zile ampea. Na hasara yake haina adabu: mkondo ukiongezeka mara 2, hasara inaongezeka mara 4, mkondo ukipungua mara 10, hasara inapungua mara 100. Ujanja basi ni kubeba nguvu ile ile kwa volti kubwa sana na mkondo mdogo sana. Ndiyo maana laini za kutoka Seven Forks ni za volti 132,000 na 220,000.

Chukulia umeuza mbuzi kumi Tseikuru na unaenda Mwingi na pesa. Ukibeba sarafu za shilingi moja moja, gunia litapasuka. Ukibeba noti za elfu, unatia mfukoni na unapanda matatu. Thamani ni ile ile. Shida inakuja ukitaka kununua kiberiti: noti ya elfu haikusaidii mpaka upate mtu wa kukuvunjia. Transfoma ndiye huyo mtu. Kule bwawani anabadilisha sarafu kuwa noti, na huku kwetu anavunja noti kuwa sarafu. Laini kubwa inayopita juu ya boma lenu ni noti ambayo hakuna duka la karibu linaloweza kuivunja. Kuivunja volti 220,000 kunahitaji kituo kizima chenye ua, na transfoma kubwa kama nyumba. Hakuna fundi wa kukushushia kipande, hata ukimpa mbuzi.

Lakini laini ndogo za vijijini, zile za volti 33,000 au 11,000 kwenye nguzo za mbao au za saruji, hizo zinavunjika. Ukiwekewa debe.

Ndani ya debe hakuna kitu kinachozunguka. Hakuna injini, hakuna betri. Kuna chuma, waya, karatasi na mafuta, basi. Chuma ndicho kiini. Ni mabamba mengi membamba, kila moja unene wa kama theluthi moja ya milimita, yamepangwa na kubanwa kuwa fremu yenye miguu mitatu. Kila mguu umezungushiwa koili mbili, moja ndani ya nyingine, zimetenganishwa kwa karatasi. Hazigusani hata kidogo.

Hapa ndipo mimi nilipenda. Umeme ukiingia koili ya kwanza unageuza kile chuma kuwa sumaku. Umeme wetu ni AC, unakwenda na kurudi mara 50 kila sekunde, kwa hiyo na sumaku hiyo inageuka upande huu na upande ule pamoja nao. Koili ya pili imekaa tu, haijaunganishwa na kitu, lakini sumaku inayogeuka ikipita katikati yake inazaa umeme mpya ndani ya waya wake. Volti utakayopata inategemea idadi ya mizunguko. Kutoka 33,000 kufika 240 ya nyumbani, kila mzunguko mmoja wa upande wa chini unahitaji karibu mizunguko 137 upande wa juu. Ndiyo maana koili ya juu ni ya waya mwembamba, mizunguko maelfu, na ya chini ni ya waya mnene, mizunguko michache. Noti nyembamba, sarafu nzito.

Mbona mabamba, si wangetumia kipande kimoja cha chuma? Kwa sababu sumaku ile haichagui. Inazaa umeme kwenye koili na inazaa umeme kwenye chuma chenyewe, na huo wa chuma hauna kazi ila kukipasha moto. Ukikikata chuma kuwa mabamba membamba yaliyopakwa kitu kisichopitisha umeme, vile vimkondo vinakosa njia. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakaanza pia kuchanganya chuma na silikoni, kazi ambayo Robert Hadfield wa Sheffield anatajwa sana, na hasara ikapungua tena. Ule mngurumo unaousikia ukisimama chini ya nguzo usiku ni hicho chuma: kinanyooka na kusinyaa kidogo sana, mara 100 kwa sekunde. Si majini.

Mafuta yana kazi mbili. Yanazuia umeme kuruka kutoka koili hadi koili, na yanatoa joto. Yakipata moto yanapanda, yanateremka kupitia zile mbavu za pembeni ya debe ambako upepo unayapoza, yanarudi chini. Hakuna pampu. Kwenye jua la Tseikuru la mwezi wa Februari, hizo mbavu zinahangaika kweli.

Sasa historia, na nitaipitisha haraka mpaka pale inapotuhusu. Tarehe 29 Agosti 1831, London, Michael Faraday alichukua pete ya chuma akaizungushia koili mbili, moja kwenye betri, nyingine kwenye kifaa chenye sindano ya kuonyesha mkondo. Alipounganisha betri, sindano iliruka ikatulia. Alipoichomoa, ikaruka tena. Katikati, kimya. Umeme usiobadilika hauvuki, unaobadilika unavuka. Ile pete ilikuwa transfoma tayari, na kwa karibu miaka 50 dunia haikuwa na haja nayo.

Haja ilikuja na Edison. Tarehe 4 Septemba 1882 aliwasha kituo chake cha Pearl Street, New York, kwa DC ya volti 110. DC haibadiliki, kwa hiyo huwezi kuipandisha wala kuishusha kwa koili. Na kwa volti ndogo hivyo, waya ukizidi urefu, mwanga unafifia. Kituo kilihudumia eneo dogo tu lililokizunguka. Ukikaa karibu na Edison una taa, ukikaa mbali utajijua. Shikilia hiyo picha ya duara, tutarudi kwake.

Mwaka wa 1885 wahandisi watatu wa kiwanda cha Ganz huko Budapest, Zipernowsky, Bláthy na Déri, wakatengeneza transfoma yenye kiini kilichofungwa kama pete, na hao ndio wanaotajwa kuipa jina. Machi 1886 William Stanley akawasha maduka ya mji mdogo wa Great Barrington, Massachusetts, kwa AC, transfoma zikiwa vyumba vya chini vya majengo. Halafu 1891 Wajerumani wakatuma umeme kutoka Lauffen hadi Frankfurt, kilomita 175, kwa volti karibu 15,000, na mwingi ukafika. Zaidi ya Nairobi hadi Mwingi hiyo. Kuanzia hapo umbali haukuwa tena kisingizio cha kiufundi. Umebaki kuwa kisingizio cha pesa.

Kwetu Kenya stima iliingia 1908, Mombasa kupitia mfanyabiashara Harrali Esmailjee Jeevanjee aliyenunua jenereta iliyokuwa ya Sultani wa Zanzibar, na Nairobi kupitia mhandisi Clement Hirtzel aliyepewa haki ya kuuza umeme mjini. Mwaka wa 1922 biashara hizo mbili zikaunganishwa kuwa East African Power and Lighting. Angalia ramani ya wakati ule: miji, stesheni za reli, mashamba ya walowezi. Bwawa la Owen Falls kule Jinja lilipofunguliwa 1954, laini ya volti 132,000 ikavutwa kutoka Uganda hadi Nairobi, ikipita juu ya vijiji vingi ambavyo usiku viliendelea kuwasha koroboi. Swali letu la Tseikuru basi si geni. Watu wa magharibi wamelijua kabla yetu.

Mpango wa serikali wa stima vijijini ulianza 1973, na baadaye wateja wote wakawa wanakatwa asilimia 5 ya gharama ya umeme kuuchangia. Ukinunua tokeni leo, hiyo asilimia imo. Sheria ya Kawi ya 2006 ikaunda mamlaka maalum ya stima vijijini, REA, ambayo tangu 2019 inaitwa REREC. Kazi ya kwanza ya REA ilikuwa masoko, shule za sekondari na vituo vya afya, kisha shule za msingi. Mimi naona uamuzi huo ulikuwa wa maana: shule moja inasaidia watoto mia tano. Lakini fikiria maana yake kwa ramani. Transfoma ilisimama kwenye geti la shule, ikabaki hapo. Boma zikaiangalia kwa mbali.

Ndipo 2015 ikaja Last Mile. Ada ya kuunganishiwa ikashuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na unaweza kulipa polepole. Wengi walifurahi, na haki yao. Sharti lilikuwa moja: uwe ndani ya mita 600 kutoka kwa transfoma.

Mita 600 haikutoka hewani. Baada ya noti kuvunjwa unarudi kubeba sarafu. Chukua waya wa alumini wa kawaida, milimita mraba 50, upinzani wake ni kama ohmu 0.6 kwa kilomita. Kwenda na kurudi mita 600 ni kilomita 1.2, karibu ohmu 0.7. Boma chache za mwisho wa laini zikivuta ampea 30 pamoja, volti 21 zinabaki njiani: 240 inafika 219. Nguvu hiyo hiyo kwenye laini ya 33,000 ingekuwa mkondo wa kama ampea 0.22, na ungepoteza volti 0.15. Sufuri, kwa lugha nyingine. Kwa hiyo wahandisi hawakutuonea. Fizikia inasema usivute waya wa chini mbali na debe.

Lakini fizikia haikusema debe liwekwe wapi, wala yawe mangapi. Duara la mita 600 lina eneo la kama kilomita mraba 1.13. Sensa ya 2019 ilipata watu 37 kwa kila kilomita mraba Kitui, na 6,247 Nairobi. Zidisha. Duara moja la Nairobi lina watu kama 7,000. Duara moja la wastani wa Kitui lina watu 42. Boma kama kumi hivi. Na Tseikuru iko upande mkavu wa kaunti, ambako mtu anahitaji shamba kubwa la ndengu na mawele na nafasi ya mbuzi, kwa hiyo boma zimetawanyika. Susu zetu hawakujenga mbali na barabara kwa ukaidi. Walifuata udongo na maji.

Sheria ile ile, mita zile zile, na matokeo mawili tofauti kabisa. Mjini transfoma moja inamaliza kazi. Huku transfoma moja inawasha soko, shule, kanisa, na boma kumi, halafu wa kumi na moja anaambiwa asubiri. Nikisikia mtu akisema kaunti fulani "imeunganishwa" kwa sababu kila soko lina stima, najiuliza kama amewahi kutembea kutoka soko moja hadi jingine huku. Edison alikuwa na duara lake 1882 kwa sababu hakuwa na transfoma. Sisi tunayo, na tumeifanya kuwa katikati ya duara jingine.

Halafu kuna ukubwa. Debe la kijijini mara nyingi ni la kVA 25 au 50. Ile ya 25, kwa volti 415, inaweza kutoa kama ampea 35 kwa kila waya. Sasa mtu analeta kisiagi cha injini ya kilowati 11. Ikishatulia inakula kama ampea 21, sawa. Lakini sekunde zile za kuwaka inavuta mara tano, mara sita ya hapo, zaidi ya ampea 100. Ndiyo maana mwenye kisiagi akiwasha, taa za kinyozi zinazama na redio ya jirani inakohoa. Watu wanagombana na mwenye kisiagi, ilhali huyo ndiye anayetoa kazi kwa soko. Wa kuulizwa ni aliyepima soko kwa macho ya balbu tu, akasahau kwamba watu wangetaka kusaga, kuchomelea na kugandisha maziwa. Stima ya kuchaji simu haiondoi mtu kwenye biashara ya makaa.

Nilisema usilifungue debe, na ni kweli. Moja, volti 33,000 haihitaji ukiguse, inaweza kukurukia. Mbili, mafuta. Yameibwa sana nchini, na magazeti yameripoti mara nyingi kwamba mengine huishia kwenye karai za kukaangia chipsi. Transfoma nyingi za zamani duniani zilitiwa mafuta yenye PCB, sumu inayokaa mwilini miaka na miaka, ndiyo maana Mkataba wa Stockholm wa 2001, ambao Kenya ni mwanachama, uliiweka kwenye orodha ya kuondolewa. Hata mafuta ya kawaida ya madini si ya chakula. Na mtu akiyatoa, debe linakosa kupoa, karatasi inaungua, koili zinagusana, kwisha. Shaba yake ikiuzwa kwa kilo inaleta pesa ya wiki moja, na boma zote zinarudi gizani. Januari 2022 milingoti ya laini ya Kiambere hadi Embakasi ilianguka, nchi ikakosa stima, na Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa. Laini ya Nairobi ilipata amri ya Rais. Transfoma ya kijiji ikiibwa, inapata barua ya chifu.

Je, kuna njia nyingine? Ipo, na ni ya zamani. Wamarekani kwenye mashamba yao walipeleka laini ya volti kubwa mpaka karibu na nyumba, kisha wakaweka vitransfoma vidogo, kimoja kwa boma moja au mbili. New Zealand, miaka ya 1920, Lloyd Mandeno alikwenda mbali zaidi: waya mmoja tu juu, na umeme unarudi kupitia ardhi. Australia ina maelfu kwa maelfu ya kilomita za laini kama hizo kwenye nchi kavu kuliko yetu. Ina kasoro zake. Udongo mkavu haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo kule chini lazima uchimbe sawasawa, na kisiagi kikubwa hakitaki laini ya namna hiyo. Lakini kwa boma za kutawanyika, vidude vidogo vingi vinashinda debe kubwa moja, na Arusha hapa karibu kuna kiwanda, Tanelec, kinachotengeneza transfoma tangu miaka ya 1980. Hatungeanzia China.

Mtu ataniambia nyinyi subirini sola. Sawa. Mradi mkubwa wa serikali na Benki ya Dunia wa sola za maeneo yasiyo na gridi, KOSAP, ulichagua kaunti 14. Garissa imo. Tana River imo. Kitui haimo. Kwa makaratasi sisi tuna gridi tayari. Ndiyo, iko kule juu, inanguruma.

Kwa hiyo wakija tena na karatasi za maoni ya wananchi kwenye wadi, msiandike "tunaomba stima". Hilo wameshaliweka alama ya vema zamani. Andikeni mnataka transfoma ngapi, za kVA ngapi, na kila moja ikae karibu na boma za nani. Kila debe lina kibati chenye ukubwa wake, volti zake na mwaka lilipotengenezwa, na mara nyingi kVA imepakwa rangi kubwa unayoweza kuisoma ukiwa chini, bila kupanda. Ya soko lenu imeandikwa ngapi?